Dakika Kumi na Tisa za Kanda ya Bibi

Shangazi yangu alifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikumbuki kumwona amevaa nguo yenye mkunjo. Hata kitambaa cha kichwa alikipiga pasi jioni, akakilaza juu ya mgongo wa kiti kimngoje asubuhi. Ni mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake, utadhani ameiazima kwa mtu. Ukimwuliza alifanya kazi gani kabla ya kustaafu, hakuambii alikuwa dobi. Atakuambia alikuwa mtunza siri, maana mgonjwa anaweza kumdanganya daktari lakini shuka lake halidanganyi.

Kwenye ukoo wetu anaitwa Kifutio. Jina hilo lina miaka ishirini na minane. Limeshinda ndoa nyingi kwa kudumu. Wadogo wanaliitikia kama jina la kawaida. Kwao yeye ni Bibi Kifutio, na binti wa kaka yangu, alipokuwa darasa la pili, alimwuliza kama zamani alikuwa akiuza vifaa vya shule. Shangazi akamjibu kwamba ndiyo, ila biashara ililala. Sebule nzima ikaangua kicheko. Mimi niliinuka nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Naandika habari zake kwa sababu jina hilo nilimvika mimi, ingawa si mimi niliyelitamka kwanza.

Mwezi mmoja kabla hajatimiza miaka sabini, kaka yangu alikuja kwangu amebeba foronya kuukuu yenye muhuri wa buluu wa hospitali. Kaka ni fundi wa majokofu, mtu wa maneno mengi na mipango mingi kuliko maneno. Ndani ya foronya mlikuwa na kamera ya video ya marehemu baba, waya wake, chaja, na kanda ndogo saba. Alizikuta kwenye kabati la baba alipokuwa akipaka rangi nyumba. Alitaka zigeuzwe ziwe faili, ziingizwe kwenye ile maktaba ya picha ambayo familia yote tunaifungua kwenye simu, kisha siku ya Shangazi tuzicheze kwenye runinga. Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema mimi si ndiye mkutubi wa chuo cha ualimu, na hiyo nayo si maktaba?

Alipofika mlangoni akageuka.

“Halafu dada, ile sehemu nyeusi usiikate. Ndiyo tutakayomalizia. Tutaandika chini yake: Kazi ya mikono ya Kifutio. Watu watavunjika mbavu.”

Nikamwambia sawa. Nilifunga mlango, nikakaa na ile foronya mapajani kama mtu aliyeachiwa mtoto asiyemjua.

Kamera ile baba aliinunua kwa mwenzake wa ofisini aliyekuwa akihama nchi. Mwanzoni kila mtu aliishika. Picha za baba zilikuwa miguu mitupu, za baba mdogo zilikata watu vichwa, na mama aliwahi kusahau kuizima tukapata nusu saa ya zulia. Ndipo siku moja Shangazi akaichukua, na mambo yakabadilika. Mkono wake haukutetemeka. Yeye mwenyewe alieleza kwamba kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili, na ukishika ncha moja huna budi kwenda kwa mwendo wa aliyeshika ncha ya pili, bila kumvuta na bila kumlegezea. Hivyo ndivyo alivyowafuata watu kwa kamera. Ukitazama kanda zake huoni mtu aliyekurupushwa.

Wakati huo alikuwa akiishi nasi, kwenye chumba cha nyuma, tangu alipoachana na mumewe. Wanaume wa ukoo walisema aliondoka kwa ukaidi tu. Hawakumfukuza, lakini kila lilipotokea jambo la kuamuliwa, walikumbushana mbele yake kwamba nyumba yake ilimshinda. Kamera ilimpa heshima ambayo vinginevyo hakuwa nayo pale nyumbani. Mwenye studio ya picha ya mtaani akaanza kumchukua siku za mapumziko kurekodi harusi, na alimwahidi kwamba mwaka ukiisha atampa kamera ya pili na nafasi ya kudumu. Harusi moja alisahau kifuniko cha lenzi, akarekodi giza kwa dakika mbili. Alirudi nyumbani akatusimulia mwenyewe, akijicheka, amegeukia ukutani kama afanyavyo anapocheka. Laiti angeificha. Kila mtu nyumbani akajua kwamba hilo ni kosa analoweza kulifanya.

Alikuwa na utaratibu mmoja aliotoka nao kazini. Kule dobini, zamu inayoondoka huacha kila kitu kama zamu inayoingia itakavyopenda kukikuta: ndoo zimeinamishwa, waya za pasi zimeviringwa, mashuka yamekunjwa pindo moja. Kwa hiyo kila kanda aliyomaliza kuirekodi aliirudisha mwanzo, iwe tayari kwa mtazamaji. Hakuna mwingine nyumbani aliyefanya hivyo. Sisi wengine tuliiacha pale ilipoishia.

Mwaka huo Bibi, mama yao Shangazi na baba, alikuja kwetu kwa ajili ya matibabu. Jumapili moja mchana Shangazi alimkalisha kwenye kiti cha mikono, karibu na dirisha, akamhoji. Walifunga mlango. Walikaa humo dakika arobaini na mbili, kisha Bibi akatoka amechoka, ameegemea bega la bintiye, na wote wawili macho yalikuwa mekundu. Keshokutwa yake Bibi akarudi kwa baba mdogo, alikokuwa akiishi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa nimejiaminisha kwamba nitakuwa msomaji wa habari. Alasiri moja nilipokuwa peke yangu nyumbani niliweka kamera juu ya vitabu, nikavaa koti la mama, nikabonyeza kitufe. Kanda ilikuwamo ndani. Nilijua Shangazi alikuwa amerekodi kitu, nikadhani imesimama pale alipoishia, na kwamba mimi naendelea kwenye nafasi tupu. Nilisoma habari za ndani, za nje, michezo na hali ya hewa. Dakika kumi na nane. Nilipoirudisha nyuma nijitazame, nilifika mwanzo kabisa wa kanda, nikajiona mimi. Nikaipeleka mbele. Nilipokwisha kuwatakia watazamaji siku njema, skrini iliruka, akatokea Bibi kwenye kiti chake katikati ya neno.

Kilichofuata ndicho nisichoweza kukisingizia utoto. Nilifunga kifuniko cha lenzi, nikarudisha kanda mwanzo, nikarekodi giza juu ya uso wangu. Nilitazama saa ya ukutani. Kwa hofu kwamba koti la mama litaonekana hata kidogo, niliongeza dakika moja. Dakika hiyo ya kumi na tisa ilikuwa ya Bibi, na niliila kwa woga, nikiwa nimekwisha kujua ninachokula. Kisha nikairudisha kanda mwanzo, kama Shangazi alivyoiacha.

Bibi aliishi wiki tisa baada ya pale. Alikuwa na akili zake timamu na sauti yake. Ningesema, wangemfuata kwa baba mdogo wakamkalisha tena. Nilikuwa na wiki tisa za kufungua mdomo, nami nilizitumia kusoma kwa ajili ya mtihani.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wamejaa sebuleni, baba alitaka mama yake asikike. Akaunganisha kamera na runinga. Ikaja skrini nyeusi na mvumo. Akangoja kidogo, kisha akaipeleka mbele kwa kasi, nyeusi, nyeusi, mpaka Bibi alipochomoza akiwa katikati ya maneno. Baba alimgeukia Shangazi. Hakupaza sauti. Alisema tu, “Umemfuta mama.”

Shangazi alikiinua kifuniko cha lenzi kilichokuwa kikining’inia kwenye uzi wake, akakitazama kwa muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu. Alisema, “Nisameheni.” Baba mdogo, ambaye hawezi kustahimili kimya, akatia neno ili watu wapumue: basi hospitali haikuajiri dobi, iliajiri kifutio. Watu walicheka kicheko kile cha msibani ambacho hakina furaha lakini kinashika. Nalo jina likashika.

Baba akafungia kamera kabatini. Mwenye studio naye alisikia, kwani mtaa ni mtaa, na harusi zikaisha. Shangazi akabaki na mashuka. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na miwili. Mimi sasa nina arobaini na mitatu, na mara nyingine nikiwa kazini, nikipanga kadi za vitabu, huwaza ingekuwaje leo mtu aniondolee kitu kimoja tu nilichokuwa nikikifanya vizuri.

Nilianza kazi ya kugeuza kanda Jumamosi, baada ya kufua. Niliazima kifaa kidogo kutoka chumba cha kompyuta cha chuo: waya wa njano na mweupe unaingia kwenye kamera, upande wa pili unaingia kwenye kompyuta, na picha inanaswa inavyopita. Nilidhani ningeweza kuharakisha. Hapana. Kanda haigeuzwi kwa kasi. Ya dakika sitini inataka dakika sitini zako. Tena faili ikishapatikana, maktaba ya picha inaipokea kwa tarehe ya leo, inampanga marehemu baada ya mlo wa jana wa mtu, mpaka ukae uirekebishe tarehe kwa mkono. Kanda nne za kwanza zilinichukua mchana kutwa na asubuhi ya Jumapili. Nilimwona mama akiwa kijana kuliko mimi. Nilimwona kaka akilia kwa sababu ya kiatu.

Ya Bibi ilikuwa ya tano. Niliiweka, ikaja nyeusi, nikataka kwenda kuchemsha chai.

Ndipo nikasikia mtu akivuta pumzi.

Kifuniko hufunika lenzi. Kipaza sauti hakifunikwi na chochote. Kwa miaka ishirini na minane sikuwahi kulifikiria hilo, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuisikiliza ile sehemu, kwa maana baba aliipeleka mbele kwa kasi, na kanda ikienda kasi haitoi sauti. Nilikaa chini. Nilisikia maji yakidondoka kwenye sinki la nyumba ile. Nilisikia jirani akigonga misumari. Nilijisikia mimi, nikitembea huku na huku, nikinong’ona dakika: tisa, kumi, kumi na moja. Kwenye dakika ya kumi na mbili mlango ukafunguliwa.

“Kamera inafanya nini mezani?” Sauti ya Shangazi, ya kijana, imechoka na kazi.

“Naifuta vumbi, Shangazi.”

“Mbona taa nyekundu inawaka?”

Msumari mmoja wa jirani. Wa pili.

“Inawaka yenyewe.”

“Haya,” akasema. Nyayo zikaenda zake. Kisha mimi, kwa mnong’ono: kumi na tatu.

Sikukumbuka hata chembe kwamba aliingia. Nilikuwa nimeifuta siku ile kichwani mwangu vizuri kuliko nilivyoifuta kanda. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu kuna mtu alikuwa akiifagia mbele yangu. Alijua. Alipokiinua kile kifuniko mbele ya watu, akakitazama, akanitazama, alikuwa akiiona ile taa nyekundu.

Nitasema nilichofanya, japo ingenifaa nikiruke. Kwenye programu ya kuhariri mna alama ndogo ya spika. Ukiibonyeza mara moja, sauti inaondoka na picha inabaki. Niliibonyeza. Nikatoa faili ya dakika kumi na tisa za giza lisilo na neno, nikaweka tarehe yake sahihi, nikaiingiza kwenye maktaba ya picha, nikamwarifu kaka. Akajibu kwa mstari mzima wa nyuso zinazocheka. Akaongeza kwamba mimi ni mtu wa maana sana. Nilikwenda kulala nikiwa mtu wa maana sana.

Jumanne baada ya kazi nilikwenda kwa Shangazi. Anakaa chumba na sebule, ghorofa ya kwanza, na nilimkuta anapiga pasi mapazia ya mpangaji mwenzake. Alinikaribisha, akaniambia nimekonda, akaniuliza kama chuoni wanatulipa kwa kutuonea huruma au kwa kazi. Nilitoa simu. Nilikuwa nimeihifadhi faili ya kwanza, yenye sauti. Nilimwambia nimekuja kumsikilizisha kitu, nikaisogeza hadi dakika ya kumi na mbili.

Alisikiliza akiwa amesimama, pasi mkononi. Ilipofika “haya,” akaiweka pasi kwenye kibao chake, akachomoa waya ukutani.

“Nilikuwa na sauti nzuri,” alisema.

Nikaanza kulia, na kwa kweli nilikuwa nikilia ili anibembeleze. Hakunibembeleza. Alikaa, akaniacha nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue avuke barabara. Kisha nikamwuliza kwa nini hakusema.

Alinieleza bila haraka. Siku ya mazishi baba alikuwa akitafuta mtu wa kumpasukia, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Angenitaja, ningechapwa mbele ya watu, na Bibi asingerudi. Akaona lawama afadhali imwangukie mtu mzima, na kwamba mtoto mwenyewe, akishatulia, atakuja kusema.

“Nikakungoja,” alisema. “Ulipomaliza mtihani nikasema sasa. Ulipokwenda chuo nikasema sasa. Ulipopata kazi ukaniletea kitambaa kile cha kijani, nikasema, eh, leo ndiyo leo. Ukanywa chai ukaondoka. Baadaye nikachoka kungoja, mwanangu. Kungoja nako ni kazi.”

Nilimwambia najua nimemnyima studio, najua nimemharibia jina. Akatikisa kichwa. Kumbe nilikuwa sijui hata nilichomwibia. Dakika zile kumi na tisa za mwanzo Bibi hakuwa akisimulia ukoo. Alikuwa akizungumzia ndoa ya bintiye. Alisema kwamba bintiye alimjia mara tatu na alama mwilini, na mara zote tatu alimrudisha kwa mume, akawaambia wanawe wa kiume kwamba dada yao ni mkaidi, kwa kuwa aliona aibu. Alimwomba radhi. Kisha akamwambia ayaache maneno hayo ndani ya kanda, kaka zake wayasikie wakati yeye hayupo, kwa sababu akiwa hai hataweza kuwatazama usoni.

“Ndiyo yale macho mekundu,” nikasema.

“Ndiyo hayo.”

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa miaka yote hiyo wanaume waliendelea kumkumbusha kwamba nyumba ilimshinda, na ushahidi wake ulikuwa umelala chini ya habari za michezo na hali ya hewa.

Nilimwuliza niifanyeje ile faili ya sherehe. Hakutaka kunipunguzia mzigo. Alisema akianza kujitetea leo, ataonekana kikongwe anayetafuta huruma. Maneno hayo si yake kuyasema. Yeye atakuja, atakaa, atakula. Mengine nijue mwenyewe. Kuhusu aliyoyasema Bibi, nikitaka niyaseme, hana la kuficha tena. Akachomeka pasi. Aliponisindikiza ngazini aliniambia kitu kimoja ambacho nimekizungusha kichwani mpaka leo: nisije nikamwomba msamaha mbele ya watu halafu nikadhani nimemaliza.

Usiku wa kuamkia sherehe niliifuta faili bubu kwenye maktaba ya picha, nikaingiza yenye sauti. Sikumwambia kaka.

Watu walikuwa kama ishirini, wamebanana kwenye sebule iliyokuwa bado inanukia rangi. Shangazi alikaa kwenye kochi la katikati, amevaa gauni la rangi ya maziwa lisilo na mkunjo. Baba mdogo alikuwa pembeni yake na fimbo yake. Picha zilikwenda vizuri, watu wakishangilia wazee waliokuwa vijana na vijana waliokuwa watoto. Kisha skrini ikawa nyeusi, maandishi ya kaka yakatokea chini, na kicheko kikalipuka. Baba mdogo ndiye aliyeanza. Alimgonga Shangazi begani kwa furaha. Asubuhi ile kaka alikuwa amekata kutoka faili ya maktaba sehemu fupi, ya nusu dakika tu, na kwa bahati au kwa mkosi haikuwa na kitu ila sinki na misumari. Watu wakasikiliza, wakidhani ni sehemu ya utani. Kaka akachukua rimoti aizime.

Nilisimama nikamwambia aiache. Nikafungua faili nzima kwenye simu yangu, nikaisogeza hadi dakika ya kumi na mbili, nikaiunganisha na runinga. Ilichukua muda, na kila mtu alinitazama. Wakasikia mlango. Wakasikia taa nyekundu. Wakasikia “inawaka yenyewe.” Nikasema kwamba ni mimi, nikaeleza koti la mama, habari, kifuniko, ile dakika niliyoiongeza, zile wiki tisa. Nikasema kwamba Shangazi hakumfuta mtu. Kisha nikasema Bibi alikuwa amesema nini.

Binti wa kaka alikuwa analia. Kaka alikuwa bado ameshika rimoti, ameielekeza sakafuni. Baba mdogo akakohoa.

“Ah, mambo ya utoto hayo,” alisema. “Nani hakufanya ujinga akiwa na miaka kumi na mitano? Yamepita. Ila hayo mengine uliyosema, ya mama,” akageuza fimbo mikononi, “hayo sasa nani ayathibitishe? Marehemu hayupo. Kanda haipo. Mtu anaweza kusema lolote.”

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza risiti. Na risiti yenyewe ndiyo niliyoifuta. Nilikuja pale nikidhani nabeba kitu cha kumrudishia Shangazi. Nilikuwa nimebeba kukiri kwangu tu, na watu walikuwa wamekwisha kunisamehe kabla hata sijakaa, kwa wepesi wa watu ambao hawakudhulumiwa wao.

Shangazi alimtazama baba mdogo kwa utulivu. Alimwambia, kwa sauti ile ile ya kumwomba mtu asogee kidogo, kwamba yeye hamwombi aamini; alama bado zipo mgongoni, ila kwa umri wake havui nguo sebuleni kwa watu. Akamwomba binti wa kaka amletee maji. Alikunywa, akashukuru kwa sherehe, akaomba mtu amsindikize kwenye gari. Nilisimama. Akamwita kaka yangu badala yangu.

Jumatatu nilimpigia Shangazi, hakupokea. Jumatano nilipita kwake nikagonga. Niliona mwanga chini ya mlango, nikasikia pasi ikilazwa kwenye kibao, nikaondoka. Kaka ameniambia kwamba njiani siku ile Shangazi hakuongea naye neno mpaka walipofika, na kwamba yeye, kaka, ndiye aliyelia. Binti yake amebadilisha jina la Shangazi kwenye simu yake. Baba mdogo hajasema kitu tena. Kwenye maktaba ya picha, dakika ishirini na tatu za Bibi zilizosalia zipo, zina tarehe sahihi, na naona zimefunguliwa mara nyingi, ingawa haioneshi ni nani.

Ijumaa nilimwandikia Shangazi ujumbe mrefu. Niliufuta, nikaandika mfupi: nipo tayari kuja siku yoyote atakayosema, kusema chochote kwa yeyote, hata kwa mwenye studio kama angali hai. Jibu lilikuja Jumapili mchana.

“Nipe muda, mwanangu. Mimi nilikupa.”

Kanda mbili bado sijazigeuza. Zipo mezani, pamoja na kamera. Kila nikitoka kazini naziona, na kila mara nasubiri kwanza simu ilie.